Siku Kivuli Kilipotea Ngomeni

Shuleni kwetu kulikuwa na sumaku moja. Ilikuwa imepinda kama ukwato wa punda, imepakwa rangi nyekundu, na ilikaa kabatini. Ufunguo wa kabati ulikaa mfukoni mwa mwalimu. Tulikuwa darasa la sita, watoto zaidi ya hamsini. Siku ya somo la sumaku mwalimu aliitoa, akaiinua juu tuione, akanasa misumari miwili mitatu, akairudisha kabatini na kufunga. Sisi tukanakili mchoro ubaoni. Mtihani ulipokuja nilipata alama zote za swali lile, na mkono wangu ulikuwa haujawahi kuhisi sumaku ikivuta.

Mara ya kwanza kuishika nilikuwa mtu mzima, mama wa mtoto mmoja, kwa fundi wa spika pale Mwembe Tayari. Nilikuwa nikiileta na kuiondoa karibu na bisibisi, nikisikia ule mvuto ukianza kabla havijagusana, mpaka fundi akaniambia, "Chukua tu, mama, nenda nayo." Iko jikoni kwangu hadi leo. Wanangu watatu wameichezea mpaka rangi yote imetoka.

Nimeianza hadithi hapo kwa sababu siku ninayotaka kuisimulia ilitokana na hasira ya zamani, hasira ya mtoto aliyeambiwa "usiguse" na watu waliompenda.

Mwanzoni mwa Machi 2024 kaka yangu, anayeishi San Francisco, alitupigia simu ya video. Binti yake alikuwa ndani ya jumba linaloitwa Exploratorium, ametia mkono wake katikati ya kimbunga kidogo cha ukungu kilichokuwa kikizunguka mbele yake. Akiutia, kimbunga kinakatika. Akiutoa, kinajiunga upya. Wanangu walibanana mbele ya simu kama wanaotazama penalti. Akawaonyesha kioo kikubwa kilichobonyea, kinachoipindua sura ya mtu juu chini, halafu akawaambia neno lililowakaa rohoni: huku ndani kila kitu unashika.

Usiku ule nilisoma habari za jumba hilo. Lilifunguliwa mwaka 1969 na mwanafizikia aitwaye Frank Oppenheimer, mdogo wake J. Robert Oppenheimer, yule aliyesimamia utengenezaji wa bomu la atomiki. Frank alilazimishwa kuacha kazi ya chuo kikuu mwaka 1949 kwa sababu za kisiasa, akaenda kufuga ng'ombe Colorado, kisha akafundisha sayansi katika sekondari ya mji mdogo hukohuko. Nikiwaza, naona jumba lile lilizaliwa katika darasa lile la mashambani kuliko katika maabara kubwa alizopitia kabla. Tangu 2013 liko juu ya gati, Pier 15, maji chini yake na meli pembeni. Gati! Mtu wa Mombasa akisoma hivyo hawezi kulala.

Asubuhi yake kijana wangu wa pili, ana miaka minane, akaniuliza, "Mama, letu liko wapi?"

Ningeweza kumwambia hatuna. Baba yao, ambaye ni mwashi na si mtu wa maneno mengi, alikuwa akinywa chai. Akasema, "Kwani mawe ya Ngomeni yamekatazwa kushikwa?" Alimaanisha Fort Jesus, ngome yetu ya kale hapa Mombasa.

Basi tukaipanga Jumapili, tarehe 10 Machi. Ramadhani ilikuwa mlangoni, mwezi unangojwa kuandama, na kila nyumba ilikuwa inavunja jungu kwa namna yake. Sisi tukasema letu tutalivunja kwa matembezi. Lakini tarehe ile nilikuwa na sababu yangu nyingine, na sikuwaambia watoto. Mombasa iko kusini ya ikweta kwa nyuzi 4 na kidogo. Jua linapokuwa likitoka kusini kwenda kaskazini, hupita juu ya vichwa vyetu karibu na tarehe 10 Machi. Likirudi, hutupitia tena mwanzoni mwa Oktoba. Ni nyakati hizo mbili tu katika mwaka mzima.

Tulifunga mkoba: mpini wa ufagio uliokatwa ukawa mita 1 kamili, tepu, timazi na pimamaji ya baba yao, chaki, daftari, ndimu nne, na vipande viwili vya tumbawe vilivyookotwa uani kwetu Likoni. Nikampigia dada yangu mdogo aliye Nairobi, nikamwomba asimamishe fimbo ya mita 1 juu ya paa la jengo lao Jumapili, na apime kivuli saa 6 na dakika 43 mchana. "Mbona 43?" akauliza. Nikamwambia jua linatoka kwetu kwenda kwao, na njiani linatumia dakika kumi na mbili. Akacheka, lakini akaandika.

Tulifika ferini mwendo wa saa 4 asubuhi. Anayevuka Likoni kila siku ameshaiona bahari ikipanda na kushuka hata haioni tena. Mimi mwenyewe nimevuka maelfu ya mara nikitazama mkoba wangu na mabega ya watu. Siku ile baba yao aliwaambia watoto wahesabu hatua kutoka mwanzo wa mteremko wa saruji hadi mlango wa feri. Wakahesabu kwa sauti katikati ya msukumano, mikokoteni ya viazi ikitukata njia, mzee mmoja wa baiskeli akiwasaidia kila walipopoteza hesabu. Hatua 31. Nusu ya chini ya mteremko ilikuwa nyeusi, yenye utelezi, imejaa kombe ndogo ndogo zilizogandamana na saruji. Binti yangu mkubwa akainama kuzigusa. "Hizi zinaishi baharini," akasema, "zinafanya nini hapa juu?"

Ndilo swali lenyewe. Maji yalikuwa yamepwa kupita kiasi. Ilikuwa bamvua, na bamvua kubwa. Tukiwa tumeegemea chuma cha feri nikawaambia waunyooshe mkono kuelekea jua. Wakanyoosha. Nikawaambia mwezi uko hapohapo, upande uleule, ndiyo maana hatuuoni na ndiyo maana watu wanaungoja uandame. Jua na mwezi vikisimama upande mmoja huvuta bahari kwa pamoja, maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja kinavuta upande wake, na wavuvi husema maji mafu. Hapa kwetu wakati wa bamvua tofauti ya maji kupwa na kujaa huweza kukaribia mita 4. Baba yao ana urefu wa mita 1 na robo tatu. Kijana wangu akamtazama baba yake kuanzia miguuni hadi kichwani, halafu akatazama tena, akimpandisha mwingine begani.

Kitindamimba alikuwa na swali lake, ana miaka mitano. Alitaka kujua mbona lori halizami. Usiku uliotangulia nilikuwa nimempa donge la unga wa chapati na beseni. Donge lilizama. Tulipolifinyanga likawa kibakuli, likaelea, na likabeba kunde tisa. Nikamkumbusha kibakuli chake. Akatazama sakafu ya feri chini ya viatu vyake, akakanyaga mara mbili. Tukafika ng'ambo.

Ngomeni tuliingia saa 4 na nusu hivi. Historia yake sitairefusha, maana watoto wanafundishwa shuleni: Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, ramani ikachorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi thelathini na tatu. Waingereza wakaifanya jela, na haikuacha kuwa jela hadi 1958. Mwaka 2011 ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mambo haya yote yameandikwa ukutani. Sisi tulikwenda kwa ajili ya ukuta wenyewe.

Kuna njia iliyochongwa ndani ya mwamba, yenye matao, inayoteremka kuelekea baharini. Huko ndani kuna ubaridi hata Machi. Nikawaambia wafumbe macho na kupitisha viganja ukutani, polepole, bila kukwaruza. Kwanza walisema jiwe tu. Kisha binti akasimama. "Hapa kuna mistari." Akafumbua macho. Palikuwa na tumbawe la mviringo, lenye mikunjo kama ubongo, limekatwa na patasi ya mtu fulani zaidi ya miaka mia nne iliyopita, mikunjo yote ikiwa bado imekaa mahali pake. Hatua mbili mbele, gamba la kombe. Juu yake jingine. Kijana akaanza kuyahesabu, akafika ishirini, akaacha.

Upande huu wa kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe. Zamani, zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na hapa tulipokuwa tumesimama palikuwa na samaki. Wadudu wadogo wa matumbawe walijenga nyumba zao kwa chokaa waliyoitoa ndani ya maji, wakafa, wengine wakajenga juu yao. Bahari iliposhuka, mji wao ukabaki nje. Wareno wakaja wakachonga mahandaki ndani ya mji huo na kusimamisha kuta kwa mawe yaleyale. Binti yangu akaweka kiganja chake juu ya lile tumbawe la ubongo na kukiacha hapo. Nilimtazama usoni. Nilikumbuka sumaku.

Ndani ya makumbusho tulipita haraka. Vitu vilivyotolewa katika meli ya Wareno, Santo António de Tanná, vipo nyuma ya vioo, na hivyo ndivyo inavyopasa. Meli hiyo ilikuja kuwaokoa waliozingirwa, ikazama mbele ya Ngome mwaka 1697, na wazamiaji wakaichimbua kati ya 1977 na 1980. Swali la kijana lilikuwa zuri: mbona mbao hazikuoza miaka yote hiyo, na dau la babu limeoza kwa miaka minne? Matope. Ubao uliofukiwa ndani ya matope ya chini haupati hewa, na wadudu wanaokula mbao hawawezi kuishi pasipo hewa. Wakacheza pia mchezo wa kona za Ngome. Mmoja alisimama juu ya ukuta, wengine wakatafuta chini mahali ambapo hawezi kuwaona. Cairati alizichora zile kona zilizochongoka ili kila ukuta uonekane kutoka kwenye kona nyingine, pasiwe na pa kujificha adui. Walitafuta mpaka wakakasirika.

Kufikia saa 6 tulikuwa uani, jua limesimama kama limepigiliwa. Kaskazi lilikuwa limelegea, hakuna hata jani lililotikisika. Baba yao akatafuta mahali palipo sawa, akaweka pimamaji huku na huku mpaka kipovu kikakaa katikati. Akasimamisha fimbo. Akateremsha timazi pembeni yake, uzi ukatulia, akaisogeza fimbo kidogo kidogo mpaka ikawa sambamba na uzi kutoka juu hadi chini, kisha akazunguka upande wa pili akapima tena. Kila siku kazini kwake hufanya hivi, na watoto walikuwa hawajawahi kumwona akifanya. Binti akashika fimbo, kijana akashika chaki.

Saa 6 na dakika 5 kivuli kilikuwa na urefu wa sentimita 11. Wakatia alama. Saa 6 na robo, sentimita 7. Alama. Askari wa pale alikuja kuuliza tunafanya nini. Tulipomweleza, akabaki. Wageni wawili wakasimama. Mama mmoja wa buibui mwenye mtoto mgongoni akasimama. Saa 6 na dakika 25 kivuli kilikuwa kama kidole gumba kilicholala. Kijana alikuwa amepiga magoti, pua yake karibu na sakafu.

Kisha kikatoweka. Saa 6 na dakika 31 fimbo ilikuwa imesimama peke yake juu ya sakafu nyeupe, na kuizunguka hapakuwa na kitu. Kitindamimba alijitazama miguuni, akaona kivuli chake kimejikusanya chini yake kama kikapu. Akanyanyua mguu mmoja kuona kama kimejificha chini ya kiatu. Yule mama wa buibui akasema, "Subhanallah," kwa sauti ya chini, na hakuna mwingine aliyesema lolote. Ilikuwa kimya kabisa.

Dakika chache baadaye, kivuli kikiwa kimechungulia upande wa mashariki, adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka Mji wa Kale. Binti akanigeukia haraka. "Mama! Zawali!" Chuoni maalimu wao alikuwa amewafundisha kwamba wakati wa adhuhuri huingia jua likishapinduka kutoka katikati, na kwamba zamani waadhini walijua kwa kijiti na kivuli. Alikuwa amelikariri somo hilo. Sasa lilikuwa sakafuni mbele yake kwa alama za chaki za mdogo wake.

Simu ikalia. Dada yangu alikuwa ametuma picha kutoka Nairobi: fimbo, rula, kivuli kimelala upande wa kaskazini. Sentimita 4 na nusu.

Baba yao alikwenda kuswali, kisha tukachukua tuktuk hadi Mama Ngina, kando ya bahari, tukakaa chini ya mbuyu. Mihogo ilikuja moto, imepasuliwa katikati, ina pilipili na ndimu. Hapo ndipo nilipotoa vipande vyetu vya tumbawe. Sikutaka hata tone moja liguse jiwe la Ngome, ndiyo maana nilitoka navyo nyumbani. Nikampa kitindamimba kipande cha ndimu akamulie juu ya jiwe.

Jiwe likachemka. Vipovu vidogo vyeupe vilitokea ndani ya vitundu vyake, vikapanda, vikapasuka, vikaja vingine, na ukiinamisha sikio unasikia mlio mdogo kama soda iliyofunguliwa. Ni gesi ileile ya soda, kabonidayoksaidi, ambayo tumbawe lilikuwa limeifungia ndani yake tangu enzi za bahari ile ya juu. Asidi ya ndimu inalivunja jiwe na gesi inatoka. Kitindamimba akamulia ndimu zote nne. Muuza mihogo akampa ya tano.

Na hapa baba watoto, ambaye kwa kawaida hunena maneno manne kwa siku, alizungumza. Marehemu babu yake alikuwa mchoma chokaa. Aliwasimulia jinsi walivyopanga magogo kwa duara, matumbawe juu yake, wakatia moto usiku kucha. Moto mkali unafanya kazi ya ndimu kwa njia nyingine: unaitoa ile gesi, na jiwe linabaki jeupe na jepesi, chokaa hai, inayounguza mkono. Ukiimwagia maji inanguruma na kufuka mvuke. Ukiichanganya na mchanga na kuitia ukutani, inaanza kuvuta tena gesi ileile kutoka hewani, polepole, mwezi baada ya mwezi, hadi inarudi kuwa jiwe. "Ukuta wa chokaa unapumua," akawaambia. "Na nyumba za Mji wa Kale hazina joto kama zetu za saruji." Akawaambia pia mbona vyumba vya kale ni virefu na vyembamba: dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haivuki mita 3 bila kulegea. Mti wa kule mtoni ndio uliopima chumba. Mimi nimeolewa naye miaka kumi na tatu, na hilo nililisikia siku ile pamoja na watoto.

Binti alikuwa ameshaifungua daftari. Nilimsimulia habari za Eratosthenes, mtunza maktaba wa Alexandria huko Misri, aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alijua kwamba katika mji ambao leo ni Aswan kuna siku jua linasimama wima, vitu havina kivuli, ilhali siku hiyohiyo Alexandria kivuli kipo. Kwa tofauti ile akaipima dunia nzima bila kutoka Misri. Sisi tulikuwa na Mombasa isiyo na kivuli na Nairobi yenye sentimita 4 na nusu.

Hesabu yake ni ya darasa la sita. Chukua fimbo ya mita 1 uizungushe duara kamili: ncha yake itapita sentimita 628. Kivuli cha dada yangu ni sentimita 4 na nusu za duara hilo. Gawanya, unapata 139 na nusu. Kwa hiyo umbali wa kutoka Mombasa hadi usawa wa Nairobi, ukienda kaskazini moja kwa moja, si kwa njia ya reli, unaingia mara 139 na nusu katika dunia. Kwenye ramani tulipima umbali huo ukawa kilomita 305 hivi. Akazidisha chini ya mbuyu, ulimi nje, akafuta, akazidisha tena. Kilomita 42,500 na ushei.

Dunia, ukiizunguka kwa kupitia ncha zake, ni kilomita 40,000 na kidogo. Nilipomwambia, macho yake yakajaa machozi. "Tumekosea." Nikamshika bega nikamwambia amekosea kilomita 2,500 katika kuipima dunia kwa mpini wa ufagio, na kwamba kinachobaki sasa ni kulitafuta kosa lilipo. Baba yake akalipata kwa kutafakari tu. Kivuli chetu hakikuwa sifuri. Fimbo ina unene, na ule uzi mwembamba wa kivuli, milimita mbili tatu, ulikuwa umejificha chini ya unene wake. Ukiuongeza kwenye ule wa Nairobi, hesabu inashuka kuelekea 40,000. Binti akaandika daftarini kwa herufi kubwa: OKTOBA. FIMBO NYEMBAMBA.

Saa 9 na nusu wakaisimamisha fimbo tena, ukingoni mwa barabara, kwa sababu binti alikumbuka sehemu ya pili ya somo la maalimu: alasiri huingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli cha mchana. Na kivuli cha mchana leo hakikuwapo. Wakalaza tepu. Sentimita 99. Wakangoja. Sentimita 100. Adhana ikaja ikiwa kwenye 102, nao wakarukaruka kama waliofunga goli.

Nasema wazi ninalolitaka. Nataka Mombasa iwe na jumba lake la kushika, lenye mawimbi ya kutengeneza kwa mkono, na chokaa ya kuchoma, na mfano wa feri wa kupakia mpaka uzame. Tuna maghala ya kale, tuna bandari, tuna mafundi wa kila aina, na watoto tunao wengi. Nalitaka kwa ajili ya yule msichana wa darasa la sita ambaye hata leo, mahali fulani, ananakili mchoro wa sumaku.

Tulirudi ferini baada ya saa 10. Maji yalikuwa yamejaa. Ule mteremko mweusi wenye kombe ulikuwa umemezwa wote, na feri ilikuwa juu, imekaribia usawa wa barabara. Watoto wakahesabu: hatua 9. Kijana akasimama ukingoni akitazama maji ya kijani mahali tulipokanyaga asubuhi, mpaka nikamvuta mkono kwa sababu watu walikuwa wanatusukuma.

Jumatatu jioni tulipanda darini pamoja na majirani kuutafuta mwezi. Magharibi ilikuwa nyekundu, kisha ya rangi ya zambarau, kisha mtu wa nyumba ya pili akapiga kelele na wote tukauona, mwembamba kama ukucha uliokatwa. Watu wakapeana mikono na kutakiana Ramadhani njema. Kijana wangu hakuondoa macho yake juu.

"Mama," akasema, "huo ndio uliovuta maji yote yale?"

"Pamoja na jua," dada yake akamjibu. Akakumbuka kitu, akashuka ngazi mbio kuitafuta fimbo, maana alitaka kujua kama mwezi nao hutia kivuli.